Hesabu ya Sauti: Maduara ya al-Khalil na Mizani za Ushairi wa Kiswahili

Kuanzia miaka ya 1970, na kwa takriban miongo miwili baadaye, uhakiki wa ushairi wa Kiswahili ulitawaliwa na mjadala mmoja mkubwa. Upande mmoja ulishikilia kwamba vina na mizani ndio uti wa mgongo wa shairi, na kwamba utungo usiokuwa navyo, hata uwe na mawazo mazito namna gani, ni nathari iliyokatwakatwa. Upande wa pili ulidai kwamba vina na mizani ni pambo tu, na baadhi ya wafuasi wake wakaongeza kuwa ni pambo la kuazima kutoka Arabuni, linaloweza kuvuliwa pasi na mwili kudhurika. Mengi yaliandikwa, baadhi yake kwa hasira. Hata hivyo, swali moja halikuulizwa vya kutosha: mizani ni hesabu ya namna gani? Maana kuhesabu kwenyewe kuna aina nyingi, na mtu hawezi kusema hesabu fulani imeazimwa kabla ya kuonyesha kwamba mkopeshaji na mkopaji walikuwa wakihesabu kitu kimoja.

Makala haya yananuia kulirudia swali hilo kwa njia ya kihistoria. Tutaanzia mbali kidogo, India na Basra, kwa kuwa huko ndiko hisabati ya ushairi ilikopata nadharia yake ya kwanza iliyoandikwa, kisha turejee pwani ya Afrika Mashariki.

Aghalabu yanapozungumzwa mahusiano ya hisabati na sanaa, wasomi hukimbilia Italia na majirani zake: Alberti na kitabu chake cha uchoraji cha 1435, Luca Pacioli na kitabu chake cha uwiano kilichochapishwa Venice mwaka 1509 kikiwa na michoro ya Leonardo da Vinci, na Dürer na mafunzo yake ya vipimo ya 1525. Hatuna ugomvi na historia hiyo, ila tungependa kutahadharisha kwamba sehemu yake imetiwa chumvi nyingi. Madai kwamba wajenzi wa hekalu la Parthenon waliupima ukumbi wao kwa ule uitwao uwiano wa dhahabu hayana ushahidi wa maandishi kutoka kwa wajenzi wenyewe. Yalienezwa na watu wa karne ya kumi na tisa na ya ishirini waliokuwa na rula mkononi na hamu ya kupata walichokitafuta. Mtafiti yeyote wa hesabu katika sanaa hana budi kulikumbuka hili. Namba ni rahisi kuziona mahali zisipokuwapo.

Zaidi ya hayo, historia hiyo huanza na jicho, ilhali hisabati ya sanaa iliyo kongwe kabisa ni ya sikio. Wafuasi wa Pythagoras walikwishajua kwamba uzi ukigawanywa kwa uwiano wa 2 kwa 1, wa 3 kwa 2 au wa 4 kwa 3, sauti zinazotoka hupatana. Nao Wahindi walikwenda mbali zaidi, kwani wao hawakupima nyuzi bali walipima maneno.

Wahindi na idadi ya mistari

Pingala, mwanazuoni wa Kisanskriti aliyeishi karne chache kabla ya Kristo, aliandika mwongozo mfupi wa arudhi ambamo kila silabi ni ama nyepesi ama nzito. Swali lake lilikuwa la kihisabati kwa dhati: mstari wenye silabi kadhaa unaweza kupangwa kwa namna ngapi? Kwa silabi moja kuna namna 2, kwa silabi mbili namna 4, kwa tatu 8. Kila silabi inapoongezwa idadi huwa maradufu. Halayudha, mfafanuzi wake wa karne ya kumi, alizichora hesabu hizo katika umbo la ngazi aliloliita mlima Meru, umbo ambalo Ulaya ililijua baadaye sana kwa jina la Pascal.

Lakini kulikuwa na bahari nyingine za Kihindi ambazo hazikuhesabu silabi bali muda: silabi nyepesi ilipewa kipimo kimoja, nzito viwili, na mshairi akatakiwa kuujaza mstari wa vipimo fulani. Je, mstari wa vipimo sita unaweza kujazwa kwa njia ngapi? Virahanka, na baada yake Gopala na Hemachandra (huyu wa mwisho mnamo 1150), walitoa jibu. Mstari wowote huishia ama kwa silabi nyepesi ama kwa nzito. Ukiishia kwa nyepesi, kilichotangulia ni mstari uliopungua kipimo kimoja. Ukiishia kwa nzito, kilichotangulia kimepungua viwili. Basi idadi ya kila mstari ni jumla ya idadi mbili zilizotangulia: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21. Hizi ndizo namba zinazofundishwa shuleni kama za Fibonacci, aliyeziandika huko Pisa mwaka 1202 katika fumbo lake la sungura. Wahindi walizifikia kwa sababu walitaka kujua jinsi ya kutunga. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa kuna dhana iliyozoeleka kwamba hisabati hutoka kwa wanahisabati ikaja kuwasaidia wasanii. Hapa mkondo ulikuwa kinyume.

Al-Khalil

Tuje sasa kwa mtu ambaye jina lake, ingawa halitajwi mara nyingi katika madarasa yetu, liko nyuma ya istilahi nusu nzima za ushairi wa Kiswahili. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi alikuwa wa kabila la Azd lenye asili yake Omani, akaishi na kufundisha Basra, na akafariki mwishoni mwa karne ya nane. Kuna hadithi kwamba aliivumbua arudhi alipokuwa akipita sokoni na kusikia milio ya nyundo za mafundi. Hadithi hiyohiyo husimuliwa juu ya Pythagoras, na kwa Pythagoras imethibitishwa kwamba haiwezi kuwa kweli, kwa sababu uzito wa nyundo haubadilishi mlio kwa uwiano ule unaosemwa. Tuiache kama tulivyoikuta.

Kilicho cha hakika ni namna akili yake ilivyofanya kazi. Al-Khalil alipoanza kutunga kamusi ya Kiarabu, *Kitab al-Ayn*, hakukusanya maneno aliyoyasikia kisha kuyapanga. Alianza kwa kuuliza ni maneno mangapi yanayoweza kuwapo. Mzizi wa herufi mbili unaweza kupinduliwa kwa namna 2, wa herufi tatu kwa namna 6, wa nne kwa 24, wa tano kwa 120. Kwa herufi 28 zisizorudiwa, mizizi ya herufi mbili ni 756, ya tatu 19,656, ya nne 491,400, na ya tano 11,793,600. Jumla yake ni 12,305,412, nayo ndiyo jumla ambayo wanazuoni wa baadaye walimnasibishia yeye. Kisha akaitenga mizizi inayotumika na ile iliyopuuzwa. Kwa maneno mengine, lugha halisi ilikuwa kwake sehemu ndogo ya lugha iwezekanayo, na kazi ya mwanazuoni ilikuwa kuichora nzima kwanza ndipo aonyeshe wazungumzaji wamechagua nini.

Arudhi yake imejengwa kwa fikra ileile. Aliigawa sauti ya Kiarabu katika herufi yenye irabu na herufi tuli, kutokana na hizo akaunda vipande vidogo alivyoviita kwa majina ya hema: *sabab*, yaani kamba, na *watid*, yaani kigingi. Ushairi wenyewe ulikuwa *bayt*, nyumba ya mhamaji, na kila nusu yake *misra*, ubawa wa mlango. Kisha akavipanga vipande hivyo kwenye mzingo wa duara. Chukua duara lenye kigingi kimoja na kamba mbili. Ukianza kusoma kwenye kigingi, unapata mguu wa bahari ya hazaj: silabi fupi moja ikifuatwa na ndefu tatu. Ukianza kwenye kamba ya kwanza, kigingi kinakuwa mwisho, na hiyo ni rajaz: ndefu mbili, fupi, ndefu. Ukianza kwenye kamba ya pili, kigingi kinakaa katikati, nayo ni ramal: ndefu, fupi, ndefu mbili. Bahari tatu ambazo masikio ya watu yalizisikia kama vitu vitatu tofauti ni kitu kimoja kinachozungushwa.

Maduara yalikuwa matano, nayo yalitoa bahari 15 zilizokuwa zikitumika: tatu, mbili, tatu, sita na moja. Al-Akhfash akaongeza ya kumi na sita. Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba maduara yalitoa pia bahari ambazo hakuna mshairi aliyezitumia, na al-Khalil hakuzificha; zilipewa hadhi ileile ya mizizi iliyopuuzwa katika kamusi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo alipowazidi wengi waliomfuata. Waliomfuata walizichukua bahari 15 wakazifanya sheria, wakaliacha duara ambalo ndilo lililokuwa fikra yenyewe.

Inafaa kuzingatia kile ambacho mfumo huu unakihesabu. Katika bahari ya kamil, mguu kamili una silabi tano: fupi mbili, ndefu, fupi, ndefu. Lakini mshairi anaruhusiwa kuziunganisha fupi mbili za mwanzo kuwa ndefu moja, na mguu ukabaki na silabi nne. Nusu mstari wenye miguu mitatu unaweza basi kuwa na silabi 15, au 14, au 13, au 12, na msikilizaji wa Kiarabu asione kasoro yoyote. Wafir nayo huruhusu jambo kama hilo. Katika rajaz idadi ya silabi za mguu haibadiliki, ni nne daima, lakini hata huko kinacholindwa ni kigingi cha mwisho, yaani fupi ikifuatwa na ndefu. Mshairi anaweza kubadilisha urefu wa silabi mbili za mwanzo, kigingi hakiguswi. Arudhi ya Kiarabu, kwa hiyo, ni hesabu ya mpangilio. Idadi ya silabi ni zao lake tu, na wakati mwingine ni zao linaloyumba.

Mizani za Waswahili

Kiswahili hakina silabi fupi na ndefu kwa maana ya Kiarabu. Urefu wa irabu hautofautishi maneno, na mkazo una mahali pake maalumu, silabi ya pili kutoka mwisho. Panapoonekana irabu ndefu, kama katika *saa* au *kaa*, mshairi huhesabu mizani mbili: sa-a, ka-a. Neno *saa* lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko irabu yake ya kwanza ni ndefu huku herufi ya ayn ikizitenganisha silabi mbili. Mswahili aliisahau ayn, akausahau na urefu, lakini hesabu ya mbili ikabaki. Nazali nazo zina haki yake: *mtu* ni mizani mbili, *nchi* mbili, *mbu* mbili, kwa kuwa nazali hapo inasimama peke yake, *mboga* nayo ni mbili vilevile, kwa kuwa ndani yake nazali imeungana na konsonanti inayofuata. Mwanafunzi anayehesabu herufi badala ya kusikiliza hukosea hapa kila mara.

Katika lugha kama hii, duara la al-Khalil halina pa kukamata. Huwezi kuzungusha fupi na ndefu pasipo na fupi wala ndefu. Kinachobaki ni idadi, nayo ndiyo Waswahili waliyoijenga. Utendi una vipande vinne vya mizani 8, jumla 32 kwa ubeti. Shairi la tarbia, ambalo Muyaka bin Haji wa Mombasa (aliyefariki mnamo 1840) alilitawalisha katika maisha ya kila siku ya mji wake, lina mishororo minne ya mizani 16, kila mmoja ukikatwa katikati kuwa ukwapi na utao wa 8 kwa 8. Jumla yake ni 64, mara mbili ya ubeti wa utendi. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inakwenda kwa mizani 10. Ukawafi una mizani 15, na vituo vyake humwangukia mwimbaji baada ya ya sita na ya kumi: 6, 4, 5.

Msomaji mwenye jicho la namba ataona kwamba mizani 15 za ukawafi ni sawa na silabi 15 za kamil iliyotimia, naye anaweza kushawishika. Tunamwomba asubiri. Kwanza, kamil hugawanyika 5, 5, 5. Pili, tunao ushahidi bora kuliko ulinganifu wa namba, nao ni tafsiri. *Hamziyya* ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya kumi na tatu, imetungwa katika bahari ya khafif, ambayo kila nusu mstari wake timilifu una silabi 12. Sayyid Aidarus bin Athman alipoitafsiri kwa Kiswahili, alikuwa na matini ya Kiarabu mbele yake, alikijua Kiarabu, na aliifuata maana kwa uaminifu mkubwa. Kama kulikuwa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuihamisha arudhi ya Kiarabu, ni yeye. Hakuihamisha. Aliitia *Hamziyya* katika mizani 15 za ukawafi, ambazo hazina uhusiano wowote na khafif, si kwa idadi wala kwa mpangilio.

Hatudai kwamba hakuna kilichoazimwa. Istilahi zimejaa Kiarabu: shairi, beti, bahari, mizani, arudhi yenyewe. Mpangilio wa vina wa utendi, yaani vipande vitatu vinavyopatana na cha nne kinachobeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo, una mfano wake katika tungo za Kiarabu za aina ya musammat, na takhmisa ni ya Kiarabu bila shaka. Aidha, katika rajaz hoja ya uazimaji ina nguvu ambayo haifai kupuuzwa. Rajaz ndiyo iliyokuwa bahari ya tungo za mafundisho, mguu wake una silabi nne zisizobadilika idadi, na miguu miwili ni silabi 8. Sikio la Mswahili, lisilojali urefu, likiisikiliza rajaz kwa muda mrefu chuoni na msikitini, lingesikia nini hasa kama si nane, nane, nane? Tunaiona hii kuwa dhana inayoweza kuwa kweli. Lakini hata ikiwa kweli, kilichoazimwa ni mwangwi. Kanuni iliyouzaa mwangwi huo ilibaki Basra.

Hali hii si ya Waswahili peke yao. Kilatini kilipima mashairi yake kwa fupi na ndefu. Urefu ulipopotea katika lugha zilizokizalia, Wafaransa wakaishia kuhesabu silabi 12 na Waitaliano 11. Na ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, Wamalay walichukua neno lilelile la Kiarabu tulilolichukua sisi wakaliita *syair*, wakatunga beti za mishororo minne yenye kina kimoja. Hamzah Fansuri wa Sumatra alikuwa akitunga tungo za namna hiyo katika karne ya kumi na sita. Arudhi ya al-Khalil haikuwashika wao pia. Lugha mbili za bahari moja zilipokea jina na kuacha hesabu.

Wataalamu wa kigeni walioandika juu ya ushairi wetu, kama Lyndon Harries katika kitabu chake cha 1962 na Jan Knappert katika vitabu vyake kadhaa, walisisitiza mno uhusiano wake na fasihi ya Kiislamu, nao Shihabuddin Chiraghdin na Ibrahim Noor Shariff wakasimama kuutetea Uswahili wake. *Tungo Zetu* ya Shariff (1988) ndiyo kauli kamili zaidi ya upande huo. Tunaafiki msimamo wa Shariff kwa jumla. Hata hivyo, tunaona kwamba hoja ya asili ya watu na maudhui haiwezi kulimaliza suala hili. Hoja ya silabi inaweza, kwa sababu haitegemei nani alikuwa Mwarabu na nani hakuwa.

Upo pia ushahidi mwingine ambao haujapewa uzito wake, nao unahusu kina cha mwisho cha utendi. Fikiria mzigo wa kihesabu anaoubeba mtunzi. *Utendi wa Mwana Kupona* (1858) una beti 102, na *Utendi wa Tambuka* (1728) una zaidi ya beti 1,100. Kila ubeti unahitaji neno moja linaloishia kwa silabi ileile. Lugha nyingi zingemshinda mtunzi kabla ya ubeti wa mia. Mwana Kupona anashikilia *-ya*, na hakuchagua hivyo kwa bahati. Kitenzi cha Kiswahili kina kiambishi cha kutendea, *-ia*, ambacho katika matamshi na maandishi ya kaskazini huwa *-iya*, nacho hupachikwa karibu kila kitenzi. Maelfu ya maneno yako tayari. Vivyo hivyo *-wa*, kwa kuwa kitenzi chochote cha kutendwa huishia hapo. Umbo la ubeti linaweza kuwa limetoka ng'ambo, lakini kinacholiwezesha kusimama kwa beti elfu ni mnyambuliko wa kitenzi cha Kibantu. Tungependa kuona mtafiti akikaa chini kuzihesabu tendi zilizochapishwa na kuonyesha ni ngapi zinaishia *-ya*, ngapi *-wa*, na ngapi zimejitia katika vina vigumu. Ni kazi ya shahada ya uzamili inayomngoja mtu.

Kutoka sautini hadi kalamuni

Mtunzi wa Muyaka na wa Mwana Kupona hakuhesabu kwa vidole. Utungo uliimbwa au kughaniwa, na mahadhi ndiyo yaliyohesabu. Mizani iliyopungua ilijulikana kwa sababu sauti ilibaki bila neno. Iliyozidi ilijulikana kwa sababu neno lilibaki bila sauti. Na mwimbaji alikuwa na nafasi ya kulirekebisha. Neno la Kiarabu lenye konsonanti mbili zilizoandamana, kama *labda*, linaweza kuimbwa kwa mizani mbili au, likitiwa irabu, tatu: la-bu-da. Hesabu hiyo ilikuwa kali na nyumbufu kwa wakati mmoja.

Mambo yalibadilika uchapishaji ulipoingia. *Mambo Leo*, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwakutanisha watunzi wa bara na pwani ambao hawakusikilizana wakiimba, walisomana tu. Shairi likawa kitu cha kuonekana, na mizani zikawa kitu cha kuhakikiwa kwa penseli. Mnamo 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi akatoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kitabu hicho kilifanya kazi kubwa, na wengi waliojifunza kutunga walijifunza humo. Lakini neno "sheria" lilikuwa na athari yake. Kile ambacho kwa Muyaka kilikuwa mazoea ya sikio kilipata sura ya kanuni zilizotangulia utungo, kama vile bahari 15 zilivyolitangulia shairi la Kiarabu baada ya duara kusahauliwa.

Kwa mtazamo huu, uasi wa miaka ya 1970 unaeleweka vizuri zaidi. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, naye Kahigi na Mulokozi wakafuata na *Malenga wa Bara* (1976) na *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* (1979), walichokuwa wakikabiliana nacho kilikuwa zaidi sheria ya kitabu kuliko desturi ya Lamu na Mombasa. Wengi wao walikuwa wasomaji wa mashairi kabla ya kuwa wasikilizaji. Kwa mtu anayeikuta mizani ukurasani, akiwa hana mahadhi yake kichwani, mizani ni kizuizi kweli. Watetezi wa jadi nao walikosea walipoijibu hoja hiyo kwa kuzidi kuinukuu sheria, badala ya kuimba.

Mtihani wa shule umeshika njia ileile. Mtahiniwa wa Kenya huulizwa aeleze umbo la shairi, naye huandika kwamba kila mshororo una mizani 16, 8 katika ukwapi na 8 katika utao, akapata alama yake. Haulizwi kwa nini nane, wala nane hizo zinafanya nini pale mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho unapoanguka juu ya mizani ya saba, kisha kina kikatua juu ya ya nane isiyo na mkazo. Na hapo ndipo utamu wa kipande cha Kiswahili ulipo: kina kinapokelewa kwa sauti iliyoshuka, tofauti na mapokeo ya lugha nyingi ambamo kina hupigwa kwa mkazo. Mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu tu hana njia ya kulisikia hili.

Ipo dhana nyingine ambayo mjadala ule uliiacha nyuma yake, kwamba mizani ni za watu wa pwani na mashairi huru ni ya watu wa bara. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka *Kenya: Twendapi?*, na katika upweke wa jela akatunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Aliyaandika kwenye karatasi za chooni, na aliyaandika kwa vina na mizani kamili. Alamin Mazrui, naye wa pwani hiyohiyo na wa ukoo wa wanazuoni, aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani mwaka 1982 hadi 1983. Tungo zake zilipotoka katika *Chembe cha Moyo* (1988), nyingi kati yake hazikufungwa na idadi maalumu ya mizani. Wote wawili walikulia ndani ya mahadhi yaleyale. Wa kwanza, aliyekuwa amenyimwa kila mtu wa kuzungumza naye, alitumia hesabu ambayo kila msikilizaji wa Mombasa angeitambua kabla ya kulielewa neno la kwanza. Wa pili aliiacha hesabu hiyo akijua vyema inavyolia, na katika mishororo yake mifupi msomaji aliyezoea nane huendelea kuingoja ile ya nane, asiipate.